Kikombe cha Maji Ndani ya Frigo ya Mama Sifa

Ninyi vijana mnaokuja kukaa kwenye baraza yangu hapa mjini Baraka na bisibisi mpya mfukoni, turnevisi tunavyoziita, swali lenu ni lile lile kila mara: "Mzee, frigo ikizeeka, mwenyewe atengeneze ao anunue ingine?" Mnauliza kama watu wanaotaka jibu la neno moja. Ningekuwa nalo ningeliuza zamani, tena ghali. Sina. Nina miaka mingi ya kazi, kidole kimoja kisichokunjika, na frigo moja nyeupe ndani ya nyumba yangu ambayo haijaonja umeme tangu niilete. Nitaifikia. Lakini nitazunguka kwanza, mnivumilie.

Tuanze na jambo ambalo fundi hamwambii mteja. Fundi kuulizwa kama frigo itengenezwe ao itupwe ni sawa na mchinjaji kuulizwa kama leo tule nyama ao tule majani ya sombe. Akisema nunueni mpya, amejifukuza kazi mwenyewe. Kwa hiyo kabla hujamjibu mteja, jiulize kwanza tumbo lako limesema nini, halafu litoe kwenye hesabu. Mimi ni mtu wa kuhesabu kila kitu mara mbili, skrubu, spana, hata hatua za kutoka mlangoni hadi kwenye ukuta wa umeme. Tumbo langu sikulihesabu hata mara moja.

Frigo ina sehemu tatu za kufa. Ya kwanza ni mota, lile pipa jeusi la nyuma. Iguse. Ikiwa imeungua utasikia harufu kabla hujaigusa, kama maharage yaliyosahauliwa jikoni. Ya pili ni mabomba ya gazi, ile gesi inayoleta baridi. Paka povu la sabuni kwenye viungo. Mahali povu linapumua, gazi inatoroka hapo. Ya tatu ni mlango. Bana karatasi kwenye ule mpira wa mlango uivute. Ikitoka bila ubishi, baridi nayo inatoka hivyo hivyo mchana kutwa. Mpira unatengenezeka. Bomba la nje linalehemiwa. Mota inabadilishwa kama frigo nyingine imekufa na ya kwake bado nzima. Lakini ukikuta tundu ndani ya sanduku la barafu, usipoteze mate. Nilimwona mama mmoja wa Kazimia aliyebandua samaki wake wa mikeke waliogandamana kwa kisu. Kisu kikapita, gazi ikasema fyuuu, mama akakimbia nje akidhani ameamsha nyoka. Ile frigo ilimaliza maisha yake kama kabati la unga. Kabati zuri, panya hawaingii.

Na hiyo mpya mnayoisifu? Mpya ya Baraka mara nyingi ni okazyo, iliyokwisha kutumiwa na wengine, iliyovuka ziwa, imepakwa rangi, imebandikwa karatasi inayong'aa, na ukifungua inanuka vitunguu vya watu usiowajua. Inasafirishwa imelazwa kama mgonjwa ndani ya mtumbwi wa mota. Ikilazwa, mafuta ya mota yanapanda kwenye mabomba. Ukifika nayo, isimamishe siku nzima bila kuiwasha, mafuta yashuke. Bwana mmoja wa Ubwari alinunua yake asubuhi, akaiwasha mchana mbele ya wakwe zake. Nilipoitwa, wakwe walikuwa bado wanakula. Mota ilikuwa imeshakufa.

"Fundi, iko mupya!" akaniambia.

"Ilikuwa," nikamjibu.

Mwalimu wangu wa kazi alikuwa Mzee Ngandu, mtu aliyetoka Kalemie na sanduku la vyuma, akaoa hapa, akazikwa hapa. Alikuwa na sheria moja iliyonichosha. Hakugusa frigo ya mtu mpaka mwenyewe aje atoe vitu vyake kwa mkono wake, na kazi ikiisha mwenyewe avirudishe kwa mkono wake. Fundi asirudishe hata yai. Nilidhani ni sheria ya wizi wa samaki. Maana kweli, kuna siku mama mmoja alisimama mlangoni akatuambia: "Nilikuwa na mikeke kumi na mbili, mi naona kumi na moja, na ule kijana anapanguza mudomo." Nilikuwa napanguza jasho. Ngandu akamwambia: "Mama, hesabu tena." Akahesabu tena. Kumi na mbili. Toka siku hiyo nikahesabu kila kitu mara mbili, nikaona nimeielewa sheria ya mzee yote. Nilikuwa nimeelewa nusu ya samaki.

Sasa tufike.

Mama Sifa alikuwa mshonaji, anakaa njia ya kushuka ziwani, mume wake amekwenda Lulimba kuchimba dhahabu. Walikuwa na mtoto mmoja, Sifa, miaka kumi na tano, mwenye ugonjwa wa sukari. Si ule wa watu wazima wanaoambiwa waache soda. Ule wa watoto, ambao bila sindano asubuhi na jioni mtu hamalizi juma. Dawa ya hizo sindano inakuja katika chupa ndogo kama za dawa ya macho, na inataka ubaridi. Kwa hiyo ile frigo haikuwa ya mikeke wala ya soda. Ilikuwa na kazi moja, kumfanya Sifa aamke kesho.

Frigo ikafa. Mama akachukua mutungi wa udongo, akautia mchanga, akamwagia maji, chupa za dawa akazifunga ndani ya plastiki akazizamisha humo, akafunika na kitambaa kibichi. Halafu akaniita. Nilikuta mtoto mzima, anacheka, ananisumbua. Kumbukeni huo mutungi.

"Fundi," mama akasema, "baba Sifa ametuma feza ya kununua frigo ingine. Ndogo, ile iko pale kwa duka karibu na soko. Nilitaka we uone kwanza. Nitengeneze hii, ao ninunue ile?"

Nikapiga magoti nyuma ya frigo. Mota nzima. Gazi ipo. Mpira wa mlango umechoka, lakini maji ya moto yanaurudishia ujana. Kilichokufa ni termosta, kile kikopo kidogo chenye kitufe cha kuzungusha, kinachosikia baridi: ikitosha kinakata umeme, ikipungua kinarudisha. Basi. Kitu kidogo kama kiberiti.

Termosta nilikuwa nayo moja. Ilikuwa nyumbani ndani ya kopo la maziwa, nimeitoa kwenye frigo iliyokufa, na nilikuwa nimeiahidi kwa mwenye baa mmoja ambaye habishani bei. Nilijua iko pale. Nilishaihesabu mara mbili.

Kwa hiyo nikafanya kile ambacho mafundi wote wa huku tunafanya, na ambacho ninyi pia mnafanya, msinitazame hivyo. Nikaunga waya moja kwa moja. Tunaiita direct. Termosta unairuka, umeme unakwenda kwenye mota bila kuulizwa na mtu. Umeme ukiwepo, frigo inapiga baridi bila kupumzika. Kwa muuza samaki hiyo ni neema. Kwenye ule mtaa umeme wenyewe ulikuwa wa jenereta ya jirani, saa chache za jioni, na frigo haiwezi kuzidisha baridi kwa saa chache. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

"Mama Sifa, ile ya duka imevuka ziwa imelala," nikamwambia. "Hii yako ni chuma cha zamani. Mimi nitaiamsha leo leo. Ile feza ifanyie kazi ingine."

Yote niliyomwambia yalikuwa kweli. Ndiyo ubaya wake.

Sifa alikuwa amekaa kwenye kiti cha cherehani, miguu inaning'inia, ananiangalia nikipanga skrubu juu ya gazeti.

"Fundi, mbona unahesabu bavisi mara mbili? Haujui hesabu, ao haujiaminie?"

"Juu ya zote mbili."

"Sasa ukipata hesabu haifanane?"

"Nahesabu mara ya tatu, na namuangalia muntu mwenye iko karibu."

Akacheka mpaka mama yake akamwambia akumbuke saa. Basi akainuka, akatoa chupa kwenye mutungi, akavuta sindano, akajichoma tumboni mbele yangu kama mtu anayefunga kifungo. Mimi ndiye niliyefumba macho.

"Inaumiza?" nikamuuliza.

"Inakuumiza we. Mi nimezoea."

Frigo ikaamka. Mota ikanguruma vizuri, na baada ya muda sanduku la barafu likaanza kutoa ukungu mweupe. Mama alikuwa anapima nguo ya mteja mlangoni. Mimi, kwa furaha ya kazi iliyokwenda, nikazitoa zile chupa kwenye mutungi, nikazipanguza mchanga, nikazipanga ndani ya frigo kwa mkono wangu. Chupa tatu. Nikazihesabu mara mbili. Nikaziweka juu kabisa, zimegusana na sanduku la barafu, mahali penye baridi kuliko pote. Niliona ni heshima. Mgeni mkubwa anakalishwa kiti cha mbele.

Mama aliporudi akatazama.

"Fundi, muganga alisema baridi, lakini isikuwe barafu."

Nikacheka. Ningependa kuwaambia kwamba sikumsikia. Nilimsikia vizuri.

"Mama Sifa, barafu ni baridi yenye imeiva! Tangu nianze kazi hii, hakuna muntu alinilalamikia kama frigo yangu inagandisha mingi."

Na kweli hakuna. Katika maisha yangu yote ya kazi, kila aliyeniita alilalamikia joto: samaki wameoza, soda ni moto, maziwa yameganda kwa kuharibika. Baridi kupita kiasi kwetu hapa haikuwa ugonjwa. Hakuna aliyewahi kutufundisha kuuogopa. Mama akacheka pia, kidogo, kwa adabu, akanilipa bila kubishana, na mutungi akautoa nje akapandia bizari.

Feza iliyobaki aliilipia shule ya Sifa. Jirani walinisifu. Mwezi mzima nikipita pale naambiwa, "Ule ni fundi wa kweli, anakuambia usinunue." Nilitembea na kifua mbele.

Halafu mfanyabiashara mmoja akaweka plaki nyingi za kuvuta umeme wa jua juu ya ghala yake, akaanza kuuza umeme kwa waya, mchana na usiku, hauzimiki. Mama Sifa akaunga, na hata chupa mpya za dawa alikuwa anaziweka pale pale juu nilipozipanga mimi. Watu walimpongeza. Frigo yangu, ambayo haikuwa na kitu cha kuiambia imetosha, ikapiga baridi mchana na usiku.

Asubuhi ya kwanza dawa ilikuwa jiwe. Mama hakushtuka. Si fundi alisema? Akaibana kwapani, akaongea na mtoto, ikayeyuka, ikawa maji meupe safi kama jana. Sifa akajichoma. Kesho yake hivyo hivyo. Dawa ile ikiganda mara moja imekufa, hata ukiiyeyusha inabaki na sura yake tu. Hilo nililijua baadaye. Ninyi mnalijua leo, na sasa hamna kisingizio.

Mtoto akaanza kiu. Anakunywa jagi, anataka jingine. Anatoka nje kila wakati. Akatapika. Mama akasema malaria, kama ambavyo kila mama wa hapa angesema, akampa vidonge vya malaria. Na sindano hakuiacha hata moja. Asubuhi na jioni. Alikuwa mwaminifu kwa chupa ya maji matupu.

Wakampakia kwenye pikipiki, Sifa katikati, mama nyuma akimshika. Hospitalini muuguzi alimnusa pumzi, akauliza: "Anachomwa dawa?"

"Kila siku, muganga. Iko hapa."

Muuguzi akaibiringisha chupa kwenye kiganja, akaiinua kwenye dirisha. Ndani kulikuwa na vipande vidogo, kama mba.

"Mama, hii iliganda?"

"Eee, kila asubuhi. Naipasha kwapani."

Mama Sifa mwenyewe ndiye aliyenisimulia haya, neno kwa neno. Alisema muuguzi hakumgombeza. Aliweka tu chupa mezani polepole, akakimbia kutafuta nyingine. Waliipata, wakamchoma, wakamtundikia maji. Sifa alikufa siku ya pili asubuhi, watu wakipita barabarani na mabeseni kwenda soko.

Nilikwenda kwenye kilio. Nilikaa upande wa wanaume, kwenye benchi, mgongo kwenye ukuta. Nyuma ya ule ukuta ndiyo frigo ilikuwa imesimama. Niliisikia. Ilikuwa inafanya kazi vizuri sana. Mota laini, haina mtikisiko. Ningekuwa fundi mwingine ningeuliza nani aliitengeneza.

Wamama waliokuwa wanapika walisema kwa sauti ya chini, ile ya chini inayofika mpaka kwa wanaume.

"Alikuwa anaipasha kwapani."

"Dawa ya muzungu, kwapani!"

"Mama mwenyewe, jamani. Mama mwenyewe."

Nilikula ugali wa msiba huku nikisikia hayo. Nikanawa mikono. Nikaondoka. Siku ya pili nikarudi nikakaa benchi lile lile, nikala tena. Nilikuwa najitengenezea hesabu: umeme wa yule tajiri, muuguzi aliyechelewa, mama aliyefikiri malaria. Nilihesabu mara mbili. Kila mara mmoja alikosekana.

Siku ya tatu, baba Sifa alikuwa bado njiani kutoka Lulimba, nikaenda nyuma kwa wamama, mahali wanaume hatuendi. Nikasema mbele yao wote: dawa niliiweka mimi, juu kabisa, kwenye barafu. Frigo niliiunga direct, na termosta nilikuwa nayo nyumbani. Mama aliniambia isiwe barafu, mimi nikamchekesha.

Mama Sifa alikuwa amekaa kwenye mkeka, kitambaa kichwani. Hakuinua sauti.

"Nilikuona ukizipanga, fundi. Moyo ulikataa. Nilitaka nizitoe nizishushe chini. Nikasema, hapana, muntu wa kazi anajua kazi yake, nitamuaibisha."

Basi. Ndiyo nusu ya pili ya sheria ya Mzee Ngandu. Mwenye vitu ndiye anayejua vinavyotaka kukaa wapi. Ukivipanga wewe, mkono wake unaona haya kuvipangua.

Sasa nisikilizeni kitu nilichofanya baadaye, kisha mwende na turnevisi zenu.

Matanga yalipoisha nilirudi kwa Mama Sifa na kopo la maziwa. Termosta ndani. Mwenye baa nilimwambia haipo. Nikamwomba mama ruhusa, akaonyesha frigo kwa kidevu, akaendelea na cherehani yake. Nikatoa ile waya yangu ya direct. Nikafunga termosta, nikazungusha kitufe katikati, nikarudisha skrubu nane, nane. Nikaomba kikombe cha maji. Akanipa kikombe cha Sifa, cha plastiki, chenye mpini uliovunjika. Nikamwambia akiweke yeye mwenyewe, mahali ambapo angeweka dawa. Akafungua mlango, akakiweka chini, karibu na mlango, mbali na barafu. Hakusita hata kidogo. Mkono wake ulikuwa unajua siku zote.

Hicho ndicho kipimo, vijana. Hakina bei. Kikombe cha maji, siku moja usiku mmoja, umeme ukiwa umewaka wakati wote. Asubuhi maji yakiwa na ngozi ya barafu, frigo hiyo ni ya samaki, si ya dawa, na mwambie mwenyewe hivyo hata kama amekulipa. Na kama hakuna frigo inayofaa, mwambie arudi kwenye mutungi wa udongo na mchanga mbichi. Mimi niliulizwa nitengeneze ao ninunue, nikafikiri majibu ni mawili. La tatu lilikuwa mlangoni, linanitazama, limemweka mtoto hai.

Kesho yake asubuhi nilifika mapema. Mama akafungua frigo mwenyewe, akatoa kikombe, akachovya kidole. Maji. Baridi nzuri, laini, bila hata punje ya barafu. Akanipa nami nikachovya.

"Sasa iko sawa, fundi?"

"Iko sawa, Mama Sifa."

"Haitagandisha tena?"

"Haitagandisha."

Akamwaga maji kwenye ule mutungi wa bizari, akafuta kikombe kwa kanga, akakiweka juu ya cherehani. Kisha akachomoa waya ukutani, akauzungusha vizuri, akaufunga kwa kamba ya kitambaa, kama mtu anayefungasha mzigo wa mgeni.

"Basi uibebe," akasema.